Sauti Iliyokauka Jumatano

Mficha maradhi, kifo humsitiri. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakumjua Muhanad. Alikata roho alfajiri ya Ijumaa, adhuhuri akasaliwa, na kabla jua halijainama alikuwa chini ya mchanga, ameoshwa, ametiwa pamba na karafuu maiti, na yote ambayo mwili wake ungeweza kusema yamezikwa naye. Hakuna daktari aliyemfungua kumtazama ndani. Nani angethubutu kuliomba hilo mbele ya Bwana Badr?

Kwa hiyo Inspekta Bibiana alikuwa na kesi ya kifo isiyokuwa na maiti. Alikuwa na jalada jembamba na mtu mmoja mahabusu.

Jalada lilisema hivi: Muhanad, umri miaka thelathini na mmoja, muuza vipuri, mchumba wa binti aitwaye Sabiha, alilazwa Jumatatu tarehe kumi na moja katika hospitali moja ya binafsi mjini Tanga. Jumanne alipasuliwa ngiri. Alhamisi pumzi ikaanza kumpaa. Ijumaa hayupo. Ami yake, Bwana Badr, mwenye minazi huko Mwera na mwenye kusikilizwa katika kila ofisi, aliandikisha polisi kwamba mtaalamu wa usingizi alimzidishia mgonjwa dawa ya nusu kaputi, ikamuua. Ngiri yenyewe ilikuwa siri ya nyumbani. Wakwe hawakutakiwa kujua kwamba bwana harusi ana uvimbe kinenani, ndiyo maana alipasuliwa kimyakimya wiki tatu kabla ya ndoa.

Mtaalamu huyo wa usingizi alikuwa Methusela, mtu wa Lushoto, mrefu, mwenye sauti ya chini ya watu waliozoea kuzungumza na wanaosinzia. Alikuwa mahabusu tangu jana yake jioni. Bibiana alimkuta ameketi sakafuni, kaegemea ukuta, macho yako wazi kama madirisha ya nyumba isiyo na watu.

"Umelala?"

"Nimewalaza wengine miaka kumi na mmoja, afande. Huku ndani nimegundua sijui kujilaza mwenyewe."

"Kesho saa tatu asubuhi unasomewa shitaka. Kuua bila kukusudia. Mkeo Precious yuko nje tangu asubuhi na chupa ya uji. Basi twende polepole, ila twende." Bibiana alivuta kiti. "Kuna chupa moja ya dawa haionekani kwenye daftari la chumba cha upasuaji."

"Ilivunjika. Ilinitoka mkononi Jumanne asubuhi, kabla hata mgonjwa hajaingia."

Bibiana alilijua hilo. Vipande vya chupa alivikuta mwenyewe ndani ya sanduku la sindano zilizotumika, lebo ikiwa bado imeng'ang'ania kioo, na dawa iliyoandikwa kwenye karatasi ya Muhanad ililingana na uzito wake. Alitaka tu kusikia kama mtu huyu husema kweli pale anapoweza kudanganya.

"Na mbona nusu kaputi? Wa ngiri si huchomwa sindano ya mgongo?"

Kwa mara ya kwanza Methusela alitabasamu, kidogo tu. "Bwana harusi yule, afande. Amesikia vijiweni kwamba sindano ya mgongo inaua kiuno. Nilimweleza mpaka nikachoka. Akakataa."

"Alikataa kwa maneno gani?"

"Kwa kichwa."

Bibiana akamsogezea karatasi ya maswali, yale anayoulizwa mgonjwa kabla ya kulazwa usingizi. Mafua? Hapana. Kikohozi? Hapana. Homa katika wiki mbili zilizopita? Hapana. Zilishuka hivyo hapana zote hadi chini, zimenyooka kama watoto wa madrasa waliopangwa mstari. Pembeni, kwa herufi ndogo: sauti imekauka, maulidi.

"Hii ni nini?"

"Hakuwa na sauti. Alikuwa akinong'ona. Mama yake akasema wamekesha wakisoma maulidi. Mimi Mlutheri wa milimani, afande. Nikiambiwa watu wamekesha kwenye maulidi, nabishana na nini?"

"Hizi hapana alisema nani?"

Methusela alifumba macho, akawa kama anayekitazama chumba kile upya. "Mama. Mgonjwa alikaa kitandani na kofia yake, akitikisa kichwa."

"Joto?"

"Thelathini na sita nukta saba. Nilipima mwenyewe Jumatatu, walipofika."

"Kifua ulikisikiliza?"

Methusela alifumbua macho, akayashusha kwenye karatasi.

"Moyo niliusikiliza."

"Nimeuliza kifua."

"Siku ile nilikuwa na wagonjwa tisa."

"Hujanijibu, Methusela."

"Nimekujibu, afande," alisema, akageuza uso ukutani.

*

Daktari Azza wa hospitali kubwa ndiye aliyepokea pamba iliyopitishwa puani mwa Muhanad siku ile ya Alhamisi, pumzi ilipokuwa imeshamgomea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, anayezungumza huku anatembea, na Bibiana ilibidi amfuate kwenye ujia mrefu uliokuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na ya bahari kwa pamoja.

"Korona," alisema Azza.

"Bado ipo?"

"Ilikwenda wapi? Ninyi ndio mlioacha kuihesabu."

"Bwana Badr anasema kama ni korona, basi aliipatia wodini."

"Naye ana haki ya kusema. Kwa hiyo swali lako ni moja tu, Inspekta. Kipi kilitangulia, kirusi au kisu?"

Wakasimama penye dirisha. Chini, pazia la chumba cha kufulia lilipepea taratibu, likajaa upepo, likatulia, kama kifua cha mtu aliyelala salama.

"Nieleze kama unavyomweleza mama wa nyumbani," alisema Bibiana.

"Mama wa nyumbani angenielewa haraka kuliko polisi. Sikiliza. Mtu akiwa na kirusi cha njia ya hewa, hata akijiona ana mafua tu, mapafu yake yamevimba na yana hasira. Umlaze kwa nusu kaputi, umpitishie mpira kooni. Makohozi yanatuama chini. Akiamka hakohoi kuyatoa, kwa sababu mshono unamuuma. Nimonia inakuta kitanda kimeshatandikwa. Na damu nayo: kirusi kinaifanya nzito, kisu kinaifanya nzito, kulala chali kunaifanya nzito. Inaganda mguuni, kipande kinapanda mpaka kwenye pafu. Ndiyo maana upasuaji usio na haraka tunauahirisha. Kwa korona tulikuwa tunangoja hata wiki saba."

"Ngiri ya Muhanad ingengoja?"

"Aliishi nayo miaka mitatu. Wiki saba zingemfanya nini?"

"Na kama kilimpata wodini kweli?"

Azza akatikisa kichwa. "Picha ya kifua chake ya Alhamisi ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Kirusi kilichoingia Jumatatu hakiwahi kufika huko kwa siku tatu. Hivyo ndivyo ninavyodhani. Lakini kudhani kwangu hakumtoi mtu mahabusu. Niletee siku aliyoanza kuumwa, nami nitakuandikia karatasi unayoitaka."

Hiyo siku ndiyo iliyokosekana. Tangu Jumamosi Bibiana aliwauliza watu kumi na mmoja: majirani, wafanyakazi wa dukani, muuza kahawa. Wote walisema marehemu alikuwa mzima kama chuma. Baadhi walisema hivyo kabla hajamaliza kuuliza.

Simu ililia alipokuwa anashuka ngazi. Alikuwa Afande Godlisten, mkuu wake.

"Bibiana, Bwana Badr amenipigia mara tatu. Kesho saa tatu huyo mtu awe mahakamani."

"Naomba mpaka saa mbili, afande."

"Saa mbili ni mapema kuliko saa tatu, wewe!"

"Ndiyo, afande. Nikishindwa, utakuwa umebaki na saa moja ya kunigombeza."

*

Mchana ule joto la mtaani Ngamiani lilikuwa limelala juu ya mabati kama paka. Bibiana alirudi chumbani kwake, kwenye nyumba ya Mama Haji alikopanga, akajinyoosha kitandani na jalada kifuani, chini ya feni iliyokuwa ikiuzungusha uvuguvugu uleule. Alitaka kufikiri. Usingizi ukamwahi.

Akaota yuko kwenye ujia wa hospitali, na ujia umejaa maji ya kina cha kifundo, safi, na juu ya maji zinaelea karatasi. Kila karatasi imeandikwa hapana. Mwisho wa ujia kuna mtu wa kofia nyeupe, amempa mgongo, anafungua kinywa, na hakuna kinachotoka. Bibiana anajua kwamba mtu yule akitoa sauti yeye ataamka. Anangoja. Maji yanapanda. Mtu hatoi sauti.

Ndipo adhana ya alasiri ilipoingia dirishani, sauti ya kizee, inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Bibiana alifumbua macho, akabaki akiitazama feni.

Hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkatoliki wa Muheza, mjukuu wa vibarua wa mkonge. Lakini kwa miaka miwili sauti moja kutoka msikiti mdogo wa mtaa wa pili ndiyo iliyokuwa ikimwamsha alfajiri. Ilipanda kama mtu anayepanda ngazi bila haraka, na kwenye neno la mwisho ilikawia kidogo. Ndani ya kukawia kule ndimo alimokuwa akiweka mguu sakafuni. Saa ya mezani hakuwa nayo, na simu hakuitega kamwe.

Mama Haji alikuwa anapita ukumbini na beseni la nguo.

"Mama, yule wa alfajiri amehama? Mwenye sauti nzuri?"

Mama Haji akaweka beseni chini. "Wa alfajiri? Huyo si ndiye marehemu Muhanad, mwanangu! Ndiye aliyekuwa akituadhinia, kwa thawabu tu, bila ya ujira." Akamtazama mpangaji wake kwa huruma iliyochanganyika na mzaha. "Yaani unapeleleza kifo cha mtu aliyekuamsha miaka miwili, na humjui?"

Bibiana alikuwa tayari ameshika daftari lake. Akarudisha kurasa nyuma, kidole kikishuka juu ya tarehe. Kulikuwa na asubuhi sauti ile ilipokosekana kwa mara ya kwanza, ikaadhini bawaba, naye akaisikia ndotoni kama mlango wa jirani, akageuka upande wa pili. Aliamka jua limeshaingia chumbani. Hakimu alimkaripia mbele ya mahakama nzima. Alikuwa ameliandika kwa hasira, amepigia mstari: Jumatano tarehe sita. Nimechelewa dakika arobaini. Sijui kwa nini sikuamka.

Tarehe sita. Siku tano kabla ya kitanda cha hospitali.

*

Mzee Sadalla, mtunza msikiti, alikuwa ameketi barazani anakunja mikeka. Bibiana alijitanda mtandio, akavua viatu chini ya ngazi, asipande.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Polisi akijitanda mtandio huwa anatafuta nini?"

"Sauti."

Mzee akacheka, meno mawili. "Basi umekosea njia. Iliyobaki hapa ni yangu, na watoto wanasema nikiadhini mbuzi wanajibu."

"Ile ya Muhanad ilikatika lini?"

Kicheko kikamwisha. Akalaza mkeka mapajani, akaupigapiga mavumbi ambayo hayakuwepo. "Jumanne, isha. Alikuja amejifunga shali, na joto lote hili. Akaanza, akafika nusu, ikamkatikia. Akakohoa mpaka akashika nguzo hii hapa. Nikamalizia mimi. Jumatano hakuja, wala siku zilizofuata. Nilimpelekea tangawizi, mama yake akaipokea mlangoni. Akaniambia, amelala."

"Jumanne ya tarehe tano?"

"Ya tarehe tano. Alhamisi yake tulikuwa na nikaha hapa msikitini, nikaadhini kwa aibu mbele ya wageni. Siwezi kuisahau."

"Labda alikauka kwa kusoma maulidi."

"Maulidi gani?" Mzee alimkazia macho. "Hapa hatujasoma maulidi tangu ulipokwisha Mfungo Saba, miezi mitatu nyuma. Sasa ni mwezi wa Mlisho, Ramadhani i mlangoni. Na angesoma kwa koo gani?"

"Babu, siku zote hizi mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mliuliza alikula nini, alikunywa nini, aligombana na nani. Adhana aliuliza nani?" Akaitazama karatasi ambayo Bibiana alikuwa ameyaandika maneno yake. "Hili nikiliandika litamdhuru marehemu?"

"Yeye halitamgusa. Litamgusa aliye hai, na yuko sakafuni."

Mzee akainyoosha karatasi juu ya goti, akatia saini yake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kama anayeandika hirizi.

*

Nyumbani kwa Bi Ghaliya, mama wa marehemu, matanga yalikuwa yameondolewa jana yake. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa ukutani vikingoja kuchukuliwa. Bwana Badr ndiye aliyefungua, kanzu nyeupe, uso mkavu, na nyuma yake, kwenye pazia la ukumbini, Bibiana akasikia harufu iliyokuwa imefifia bila kwisha: mkaratusi. Uani, chini ya kamba ya nguo, chungu kikubwa kilikuwa kimefudikizwa, na juu yake limeanikwa blanketi zito. Blanketi, Tanga, katika joto la namna ile.

"Nimekuja kuuliza habari ya Jumatano tarehe sita, bwana. Kwa nini Muhanad hakuadhini."

"Binti, tumeondoa matanga jana, na leo unaniletea habari za adhana? Mwanetu alikuwa mzima. Muuaji unaye mahabusu."

"Mzima hakohoi mpaka akashika nguzo ya msikiti. Ninayo maandishi."

"Umeingia nyumba ya msiba kutufanya waongo." Sauti yake ilishuka. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa mbaya kuliko kupanda. "Omba radhi, uondoke."

"Asiombe, shemeji," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Mwache aingie."

Bi Ghaliya alikuwa ameketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi, haihesabu. Bibiana alimwamkia, akampa pole, akaambiwa tumeshapoa. Kisha akamweleza kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba akisema, yataandikwa.

"Andika. Kunyamaza kumenichosha." Alizungumza akitazama mlango wa uani. "Lilimwanza Jumatatu, tarehe nne, koo tu. Jumatano sauti ikaenda. Nikachemsha mkaratusi, mchaichai, majani ya ndimu, nikamfunika, nikamfukiza. Asubuhi na jioni, siku nne. Jasho likamtoka, akapata nafuu. Jumapili alikula ubwabwa, akacheka. Nikasema limepita."

"Siku ya kulazwa?"

"Usiku wa kuamkia siku hiyo homa ilirudi. Nikampa vidonge viwili ndani ya bajaji, kabla ya kufika getini."

"Ili kipimo kisione."

"Ili kipimo kisione. Ukitaja mafua wanakurudisha nyumbani, nalijua hilo, jirani yangu alirudishwa. Tungerudishwa, ndoa ingesogezwa mpaka baada ya Ramadhani. Kina Sabiha wangeuliza kulikoni. Ningewajibu nini, ngiri? Wangesema tunawaozesha kilema." Alishika pindo la kanga, akalikunja, akalikunjua. "Ngiri niliificha kwa harusi. Mafua nikayaficha kwa maulidi."

"Yeye alisemaje?"

Bwana Badr, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

"Aliniambia, 'Mama, tungoje.' Kwa kunong'ona. Nikamwambia nyamaza, pumzisha sauti yako, nitasema mimi."

Bibiana aliandika. Alimsomea yote, neno kwa neno, na mama yule alikubali kila mstari kwa kope. Kisha akaandika jina lake chini, herufi moja moja. Bwana Badr hakumzuia. Aliketi kwenye kiti kimoja cha kukodi, akawa mzee ghafla.

Adhana ya magharibi ikaanza, ile bawaba ya Mzee Sadalla, ikipanda na kukwama na kupanda tena. Watatu wale waliisikiliza bila kutazamana. Kwenye neno la mwisho haikukawia.

Bibiana alikunja karatasi. "Kwa maelezo haya, na ya mzee, na ya daktari, Methusela hatasomewa shitaka lile. Ataulizwa na wenzake wa kazi, lakini ataulizwa akitokea kwake. Mkewe anamngoja nje ya kituo tangu asubuhi." Alisimama, akajiweka mtandio sawa. "Nimpelekee neno gani kutoka kwako, Bi Ghaliya?"

"Mwambie nilidanganya, na jina langu nimeliandika chini. Mwambie atoke akanywe uji wake."

"Na radhi?"

Bi Ghaliya aliinua uso. Macho yalikuwa makavu.

"Nilimdanganya mimi. Kifua cha mwanangu hakikumdanganya. Kile kipimo cha masikioni kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake mbele yangu, nilikitazama muda wote nikisema sasa ataniumbua. Angekiweka kifuani kwa mwanangu pumzi tatu tu, angeyasikia yote niliyoyaficha. Hakukiweka. Mungu nitamwomba radhi. Muhanad nitamwomba, siku ya kukutana. Huyo, mwambie atoke aende kwao. Simwombi."